Siku Mchekeshaji Alipomwita Mjomba

Mwaka ule wa uchaguzi nilikuwa nanyoa watu Tuwan, hapa Kitale, kwenye kinyozi ya mabati yenye viti viwili, kioo kilichopasuka kona moja, na televisheni. Televisheni ndiyo iliyokuwa biashara yenyewe. Kuna watu walikuja kunyolewa hata kabla nywele hazijamea, bora tu wapate mahali pa kukaa wakati wa vichekesho. Mimi shule niliiachia darasa la nane, kwa sababu zile za kawaida, na sikuwa na huzuni sana juu ya hiyo kwa maana nilijua nitakuwa nani. Nitakuwa mchekeshaji. Nilimwambia kila mtu niliyemshika kichwa, na mtu uliyemshika kichwa na mashine hawezi kukubishia.

Yule mchekeshaji niliyempenda kuliko wote alikuwa ametangaza kwenye televisheni kwamba anasimama urais. Alivaa koti kubwa la mtu mwingine, tai iliyofika karibu magotini, na mkononi, pahali wakubwa hushika usinga, yeye alishika mfuniko wa sufuria. Hiyo ndiyo alama ya chama chake.

"Wengine wanawaahidi chakula," alisema kwa sauti ya puani, kama mkubwa aliyechoshwa na watu. "Mimi siwezi kuwadanganya. Mimi nawaahidi harufu."

Halafu anainua mfuniko, na kinyozi nzima tunanusa hewa na kupiga makofi. Chama kilikuwa cha uongo, walinzi wake walikuwa wachekeshaji wenzake waliovaa miwani nyeusi, na hakuna mtu asiyejua. Lakini miezi ile wagombea wa kweli walikuwa wanatupitia kila mara na magari yao, na kadiri walivyozidi kupita ndivyo hotuba zao zilivyozidi kufanana na zake. Nilijifunza sauti yake mpaka mteja akifunga macho anafikiri televisheni imewashwa. Wakaniita Mheshimiwa, kama yeye. Nikaitika.

Wakati huo kukhu, yaani nyanya yangu, mama ya mama, alikuwa anakaa na sisi. Nyumbani kwake ni upande wa Bungoma, chini ya mlima, na hakuwa amekuja kututembelea. Alikuwa amekuja kumtafuta mjomba.

Mjomba alikuwa kitinda mimba wake. Kazi yake ilikuwa kupanda mlimani kununua viazi na vitunguu kwa wakulima, kuvishusha, kuviuza sokoni. Alipanda asubuhi moja kama siku zote na hakushuka. Wakati ule mlimani kulikuwa na vijana waliokaa msituni na bunduki, na kulikuwa na askari waliowatafuta, na mtu mwenye gunia la viazi alikuwa katikati. Ni nani aliyemchukua, sisi hatukujua wakati huo na hatujui sasa. Kukhu alikwenda Lugulu kwenye hospitali ya misheni, wakampitisha kitanda kwa kitanda kwa upole. Akaja Kitale, akaenda hospitalini, akaenda kusimama nje ya jela, akaenda sokoni kuuliza wanunuzi wa viazi. Jioni anarudi Tuwan, anavua viatu mlangoni, na mama anajua asimuulize.

Nyumbani nako ukoo ulikuwa unamngoja. Mdogo wa marehemu babu, ambaye ndiye mzee wetu sasa, alikuwa ametuma neno kwamba miezi imekuwa mingi. Kwetu, mtu akipotea na mwili ukakosa kupatikana, shina la mgomba hukatwa likazikwa pahali pake, ili nyumba yake ipumzike na mke na watoto wajue wanasimama wapi. Mzee hakuwa mbaya. Alimwonea huruma mke wa mjomba, ambaye hakuwa mjane na hakuwa mwenye bwana.

Kukhu alikataa. "Mimi sikuzaa mgomba," alisema.

Walipozidi kumsihi, akatoa sharti. Mjomba aitwe kwanza. Aitwe kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, kwa kipaza sauti, mahali watu ni wengi, ili kama yuko popote na ana masikio, aitike, au aliye na habari zake azilete. Akikosa kuitika, wakate mgomba wao. Mzee akaona ni haki.

Lakini ni nani wa kuita? Hapo ndipo tulipokwama. Jina la mtu aliyepotelea mlimani lilikuwa kama makaa. Kila aliyepewa alilitupa. Chifu alimwambia kukhu wazi, bila ukali, "Mama, jina hilo likitoka kwa kipaza sauti yangu leo, kesho wa msituni wataniuliza kwa nini, na keshokutwa askari wataniuliza nimelijuaje." Kanisani waliombea wote wasiokuwa pamoja nasi, jina hawakutaja. Mgombea ubunge mmoja alimshika kukhu mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Tutaangalia, mama, tutaangalia," na bado anasema hivyo gari lake likaanza kuondoka.

Basi jioni moja kukhu alikuja kinyozini kunichukua twende kula, akakuta Mheshimiwa wa mfuniko yuko hewani. Nikamwachia kiti. Kwetu nyanya na mjukuu ni watani, na yeye tangu nikiwa mdogo huniita bwana yake.

"Bwana yangu," akasema, "huyu mtu koti amenyang'anya nani?"

"Huyo ni rais, kukhu. Nyamaza tusikie."

Siku hiyo alikuwa anaeleza serikali yake itakavyolinda usalama. Hatanunua magari, alisema, wala bunduki. Jua likitua rais mwenyewe atasimama mlangoni ahesabu wananchi, kama vile mama huhesabu kuku, na akikosa mmoja, hakuna waziri atalala, wote watatoka na mienge kumtafuta majanini huku wakiita kuu-kuu-kuu. Watu walicheka mpaka mwenye kinyozi akazima mashine asije akamkata mtu sikio.

Kukhu hakucheka. Aliangalia mpaka tangazo la sabuni likaja.

"Huyu anakuja huku?" akauliza.

Mwenye kinyozi, kijana wa mjini kabisa, akamjibu, "Anakuja, nyanya. Jumamosi, na lori ya hiyo sabuni. Ako mjini Kwanza, sokoni, asubuhi, halafu anashuka hapa. Lakini si mgombea wa ukweli, bana. Ni mchezo tu."

"Najua ni mchezo. Kwani mimi sina macho?"

"Sasa unamtakia nini?"

"Ako na kipaza sauti," kukhu akasema.

Nilicheka. Halafu nikaona uso wake, nikaanza kukunja shuka la kinyozi lililokuwa limeshakunjwa.

Lazima niseme na yangu, maana Jumamosi hiyo nilikuwa naingoja kwa moyo wote. Kampuni ya sabuni ilikuwa imetangaza shindano. Katika kila mji wangepandisha jukwaani vijana wa kumwiga Mheshimiwa mbele ya Mheshimiwa mwenyewe, na atakayeshinda Kitale angepanda lori lile mpaka Bungoma, akachekeshe watu huko akiwa amesimama naye. Usiku sikupata usingizi kwa raha. Nilikuwa nimeazima koti la jirani aliyekuwa mpishi wa harusi, na mfuniko nilitoa jikoni kwa mama. Nilijiona Bungoma, nimesimama juu ya lori, wale waliosoma na mimi wako chini wananyoosha vidole: si ni yule?

Asubuhi ya Jumamosi nilimkuta kukhu amekaa uani amevaa kitambaa chake cha kanisani, na mapajani amepakata jogoo aliyefungwa miguu.

"Kukhu, huyo wa nini?"

"Mtu haendi kwa mkubwa mikono mitupu."

"Lakini si mkubwa. Tumeshasema."

"Wewe ulisema. Mimi ninaenda kumwomba kazi ya mkubwa. Nimtendee kama nani?"

Mama aliniangalia juu ya kichwa cha kukhu. Hakusema nimzuie, na hakusema nimpeleke. Nikachukua koti langu na mfuniko, kukhu akachukua jogoo wake, tukatembea mpaka uwanjani.

Watu walikuwa wamejaa kama siku ya mkutano wa kweli, na askari walikuwa wamesimama pembeni kama siku ya mkutano wa kweli. Lori lilikuwa limefunguliwa ubavu, likawa jukwaa, na spika zilipangwa juu yake kama makreti. Mheshimiwa alipotokea na mfuniko wake, kelele ilipanda mpaka jogoo akajaribu kuruka akiwa mikononi mwa kukhu. Kwa karibu alikuwa mtu mdogo, mwembamba, na jasho lilikuwa limechora mistari kwenye poda ya uso wake. Niliona shingo ya koti imeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Sijui kwa nini hiyo ilinifanya nimpende zaidi.

Kukhu alijaribu kukaribia. Kijana wa kampuni, mwenye kofia na fulana ya sabuni, akamzuia kwa heshima. "Shosho, wanaopanda ni washindani peke yake. Kaa hapa kivulini."

"Nina neno na huyo mtu."

"Wote wana neno na yeye, shosho. Washindani peke yake."

Akaniangalia. Hakuniomba. Kama angeniomba labda ningetafuta maneno ya kukataa. Alirekebisha tu jogoo kwapani na kusogea nyuma, kama alivyokuwa amesogea kwa chifu, na kwa wengine wote.

Waliniita baada ya vijana wengine. Nilipanda ngazi za mbao. Mheshimiwa akanipa mkono, akaangalia koti langu, akaangalia lake, akawaambia watu, "Jameni, serikali imepata pacha!" Wakalipuka. Akanipa kipaza sauti. Hotuba yangu ilikuwa tayari mdomoni, neno kwa neno, na uwanja mzima ulikuwa umenyamaza ukiningoja, kitu ambacho hakijawahi kunitokea kabla ya siku hiyo wala baada.

Nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, "Mheshimiwa, niko na kukhu yangu hapo chini. Amekuletea jogoo."

Watu walicheka wakafikiri ndiyo mwanzo wa mchezo. Yeye pia alifikiri hivyo. "Mleteni! Huyo jogoo amejiandikisha kupiga kura?" Kijana wa kofia hakuwa na la kufanya. Kukhu akapanda polepole, mkono mmoja ukishika ubao, mwingine jogoo, na alipofika juu akapiga goti kidogo kama inavyopasa, akamkabidhi. Mheshimiwa akamwinua jogoo juu. "Mpiga kura wa kwanza kunijia na miguu imefungwa! Wengine mnafungwa baada ya uchaguzi!" Kicheko kilizunguka uwanja. Kukhu alingoja. Hakuharakisha, alingoja kiishe chote, kama mtu anayengojea mvua ipite ndipo avuke barabara.

Halafu akasema, na kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu, kikayashika maneno yake, "Mheshimiwa, mimi sitaki sukali, sitaki balabala. Ulisema utahesabu watu jioni. Mimi nimekosa mmoja. Nataka uniitie kijana yangu."

Kulikuwa na vicheko viwili vitatu, vya mbali, vya watu ambao hawakusikia vizuri.

Mheshimiwa aliinama karibu naye. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, nikasikia sauti yake halisi kwa mara ya kwanza, na ilikuwa sauti ndogo ya kawaida, ya mtu wa kukuuzia karanga. "Amepotea wapi, mama?"

"Mlimani."

Aliangalia upande wa askari. Aliangalia kijana wa kofia, ambaye alikuwa anazungusha kidole hewani, endelea, endelea, maliza. Nilifikiri sasa atasema tutaangalia. Hata singemlaumu. Alikuwa mtu wa kuuza sabuni, na watu walikuwa wamekuja kucheka.

"Jina lake lote," alisema.

Kukhu akamwambia sikioni, na mimi nikaongeza tunapopatikana. Yeye akalirudia chini chini, akasahihishwa, akalirudia tena mpaka likakaa. Akamkabidhi mlinzi wake wa miwani jogoo, akachukua kipaza sauti kutoka kwangu, na akarudi kwenye ile sauti ya puani, ile ile ya televisheni, mkono umeinua mfuniko.

"Wananchi! Rais wenu anahesabu kuku wake!"

Wakacheka, wakapiga makofi.

"Nimehesabu, na mmoja hajarudi!"

Wakacheka tena, kidogo.

Halafu akaliita. Jina la mjomba, la babu, la baba yake babu. Lilitoka kwenye spika zote kwa sauti ile ya kipuuzi, likaenda mpaka kwenye maduka ng'ambo ya uwanja, likarudi. Siliandiki hapa, lakini siku hiyo lilitajwa mchana, mbele ya askari, mbele ya yeyote aliyekuwa amejichanganya na watu kutoka upande ule, na hakuna aliyeweza kumkamata mtu kwa sababu ya mzaha. Akaliita tena. Mara hii hakuna aliyecheka. Sauti ya puani ilikuwa bado ile ile, hakuiacha, na nadhani alijua angeiacha asingeruhusiwa kumaliza.

"Kama uko, itika," alisema. "Mama yako yuko hapa. Kama kuna mtu anajua aliko, aje Tuwan, aulize kinyozi yenye televisheni."

Uwanja wote ulikuwa umenyamaza, hata watoto. Kukhu alisimama ukingoni mwa jukwaa ameinua uso, mkono umekinga jua, anapitisha macho kichwa kwa kichwa.

Kutoka nyuma mwanamume mmoja akapaza sauti, "Na ndugu yangu je?"

Hapo kijana wa kofia akakimbia kwenye mashine, na muziki ukafunguka kwa nguvu mpaka mbao zikatetemeka. Wasichana wa sabuni wakatoka wakicheza. Kidogo kidogo watu nao wakaanza kutikisika, maana wangefanya nini? Mheshimiwa alimsaidia kukhu kushuka mpaka ngazi ya mwisho. Aliniambia kitu masikioni, lakini muziki uliyameza maneno. Shindano lilichukuliwa na kijana mwingine, alikuwa mzuri kweli, na lori likaondoka naye.

Tulirudi nyumbani. Karibu na mlango kukhu akasema, "Hakuitika."

"Labda hakusikia, kukhu. Labda mtu atakuja."

"Labda."

Tulingoja. Kinyozini kila aliyeingia nilimwangalia mkono, mdomo, kama ana neno. Walikuja watu wawili watatu, ni kweli, lakini walikuja kuuliza habari za watu wao, siyo kutupa za mjomba. Kwenye televisheni sehemu ya Kitale haikuonyeshwa. Mheshimiwa aliendelea na mfuniko wake kwa muda, halafu siku ya kura ikakaribia na kipindi kikaisha, na kwa kweli jina lake halikuwa kwenye karatasi, kama tulivyojua tangu mwanzo.

Kukhu alifunga nguo zake kabla ya siku hiyo. Tukampeleka nyumbani, mama na mimi.

Mzee alikuwa ameketi na wenzake nje ya nyumba ya mjomba. Alimpisha kukhu kwanza akae, akampa muda wa maji na chai, ndipo akauliza, "Aliitwa?"

"Aliitwa."

"Na nani?"

Niliogopa. Nilijua wazee wale, nilijua mmoja wao angecheka au angekasirika kwamba majina ya ukoo yamechezewa na mtu wa mfuniko. Kukhu aliwaeleza yote, koti, sabuni, jogoo, hakuficha hata sauti ya puani.

Mzee alikwangua udongo kwenye kiatu chake kwa ncha ya fimbo. "Aliitwa mahali wazi?"

"Wazi."

"Watu walisikia?"

"Walisikia. Walinyamaza."

"Basi ameitwa," mzee akasema, na akaomba aletewe panga.

Kukhu alisimama naye. Alisema mgomba atauchagua mwenyewe. Shambani nyuma ya nyumba wakamwonyesha mmoja mzuri, mnyoofu, akakataa, akasema huo uko peke yake. Alitembea kati ya migomba akigusa kila shina, mpaka akafika kwa mmoja uliokuwa na machipukizi manne madogo miguuni, akasema huu. Mzee alikata kwa upole, akijihadhari na yale madogo, na maji ya mgomba yakamchirizika mpaka kiwikoni. Mke wa mjomba akaleta shati. Ni yeye aliyelivisha, akifunga vifungo kimoja kimoja, na ni hapo kilio kilipoanza, chake, cha mama, halafu cha kukhu, ambaye tangu mjomba apotee hakuwa amelia mbele yetu.

Pasta aliomba kwa ufupi, na mara hii alitaja jina. Shimo lilikuwa refu kama la mtu. Wakashusha. Wakubwa wakatupa udongo, halafu watoto wa mjomba wakapangwa watupe wao. Yule mdogo kabisa alishika udongo kiganjani, akachungulia chini, akageuka.

"Kukhu, si hii ni mgomba?"

Kukhu alipiga magoti kando yake, akamshika mkono uliokuwa na udongo.

"Ni baba yako," akamwambia. "Mwagia polepole."